Effie Hataki Kuitwa Sufuria

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Nimeposa! Jana baada ya misa, nyuma ya kanisa, penye mizinga ya nyuki ya padri. Sikupiga goti. Nyasi zilikuwa na umande na suruali ya kanisani ni hiyo hiyo moja.

Effie hakukataa. Niandike tena: hakukataa. Alisema ananipenda vya kutosha. Alisema watu wazima wawili, yeye arobaini na minane, mimi hamsini na miwili, nyumba zinatazamana, kila mmoja anachemsha viazi vyake peke yake, ni upuuzi mtupu. Halafu akasema kuna jambo moja.

Jambo lenyewe ni jina.

Si la ukoo. La ukoo halina neno, yeye ni MacQuarrie na mimi ni MacQuarrie, na padri keshahesabu undugu wetu: vizazi saba, hakuna pingamizi. Hapa Ghuba la MacQuarrie tuko watu mia moja na kumi na wanne, na tisini na saba wanaitwa hivyo. Kilima kinaitwa hivyo. Kijito kinaitwa hivyo. Kina John MacQuarrie peke yao ni kumi na mmoja. Mwaka juzi ilikuja barua kutoka Scotland kwa "Bwana John MacQuarrie, Ghuba la MacQuarrie, Cape Breton". Ilizunguka nyumba zote kumi na moja. Kila John aliifungua, akaisoma, akaifunga kwa uji wa shayiri, akaipeleka kwa John wa pili. Mpaka leo hatujui shangazi anayetajwa humo alikuwa wa nani, na wote kumi na mmoja walimlilia.

Ndiyo maana huku mtu bila lakabu si mtu. Na mke huchukua lakabu ya mume. Desturi ya tangu mababu.

Mimi ni Lauchie Sufuria.

Mwaka 1911 babu yangu alikwenda misa katikati ya mvua ya mawe, kajifunika sufuria kichwani. Hilo ni jambo la akili, mtu yeyote angefanya. Kosa lake ni kusahau kuivua. Alipiga magoti nayo, aliungama nayo, alipokea komunyo nayo. Miaka sitini na mitatu imepita! Baba alikufa Sufuria. Dada yangu aliyeko Boston bado anaandikiwa kadi za Krismasi kwa jina la Katie Sufuria, na mumewe Mtaliano anadhani ni jina la kifalme la huku.

Effie ni Effie Askofu, kwa baba yake, marehemu mzee Neil Askofu. Ameniambia wazi kwamba hawezi kuzaliwa Askofu akazikwa Sufuria. Akasema nifikirie, na atanijibu Jumamosi kwenye karamu ya parokia.

Jumamosi hiyohiyo ndipo Minnie wa posta anafunga orodha mpya ya simu. Huchapwa mara moja kila miaka kumi, majina na lakabu. Ukishachapwa umechapwa.

Siku tano. Babu aligeuza jina la ukoo mzima kwa asubuhi moja. Mimi nishindwe na siku tano?

Jumanne, 6 Agosti

Nimeanza uchunguzi. Swali: jina humshikaje mtu? Inashangaza kwamba hakuna aliyewahi kuuliza. Nimenunua daftari maalumu.

Niliyoyapata hadi saa sita mchana: John Mfupi ana futi sita na nusu. Donald Haraka amechumbia miaka kumi na tisa na bado anatafakari. Mary Kimya ndiye aliyeniambia hayo yote, bila kupumua. Sioni kanuni yoyote.

Kisha yuko Rory Kapteni. Binamu yangu. Mjane, meno yake yote, kofia yenye nanga. Leo nimemwona akipeleka samaki kwa Effie, makreli wanne wamefungwa kwa utepe. Utepe! Nani anafunga samaki utepe? Effie Kapteni. Hata mimi nimelitamka kwa sauti jikoni, na ukweli usemwe, linapendeza. Sikula chakula cha mchana.

Nimekwenda duka la ushirika kumwona Minnie, maana posta ni kaunta ya mwisho ya duka, baada ya misumari. Nikamuuliza kiungwana mtu akitaka kubadili lakabu anajaza fomu gani. Alicheka mpaka akashika mizani. Akaniambia, "Lauchie mwanangu, lakabu si leseni ya mbwa." Ana miaka mitatu tu zaidi yangu, huyo, na ananiita mwanangu.

Lakini nikamng'ang'ania, na mwishowe akatoa kanuni yake. Jina likitamkwa mbele ya kaunta yake na watu watatu tofauti, kwa hiari yao, yeye analiandika. Watatu. Basi!

Jambo jepesi kama kumenya yai. Kesho naanza.

Jumatano, 7 Agosti

Nimeazima tufe la dunia shuleni na kutangaza mhadhara ukumbini, saa kumi. Kichwa cha habari: "MacQuarrie Duniani". Hesabu yangu ilikuwa hivi: watu wakisikia elimu iliyomo humu kichwani, watatoka wakiniita Lauchie Profesa. Effie Profesa! Hata Askofu angeona wivu.

Walikuja thelathini na wanne, kwa sababu nilitangaza pia chai na keki.

Nilianza vizuri. Niliwaonyesha kisiwa kidogo kule Scotland tulikotoka. Nikawaonyesha Australia, ambako jina letu lina mto, lina ziwa, lina bandari. Watu waliguna kwa mshangao. John Mfupi aliuliza kama wale wa mtoni wanadaiwa mahari na sisi. Mary Kimya akauliza kama ziwa lina samaki. Hata mimi nilisisimka. Fikiria, upande wa pili wa dunia mtu anaandika jina lako kwenye mashua na hakujui!

Hapo ningenyamaza. Lakini nikasogeza kidole chini, karibu na mwisho kabisa wa tufe, nikawaonyesha kisiwa cha jina letu kwenye baridi kali. Wakauliza kuna MacQuarrie wangapi humo. Nikasema hakuna mtu anayekaa ila wachache wa kupima hali ya hewa. Wenyeji ni pengwini.

Wakauliza pengwini ni nini. Sasa mhadhiri afanye nini? Nikawaonyesha. Nilibana mikono, nikageuza nyayo, nikatembea jukwaani toka ncha hii hadi ncha ile. Nadhani nilifanya vizuri sana. Nilipogeuka nilikanyaga kamba ya pazia, nikaanguka juu ya tufe, na mimi na dunia tukabiringika pamoja hadi kwenye meza ya keki.

Saa kumi na moja na nusu, mbele ya kaunta ya Minnie, wateja wanne wamesema "Pengwini". Wanne! Nilimsihi asiandike. Akaniambia kanuni niliikubali mwenyewe.

Nikamwambia basi angalau Sufuria lifutwe. Akasema hakuna lililofutwa, limeongezwa tu.

Alhamisi, 8 Agosti

Mpango wa jana haukuwa mbaya. Kasoro yake ni kuwaachia watu uhuru. Mtu mwerevu haachi jambo mikononi mwa umma.

Leo nimekwenda asubuhi kwa wazee watatu wanaokaa kwenye benchi nje ya duka la ushirika: John wa Mlimani, John wa Chini na John Tena. Nimewapa kila mmoja kifurushi kizima cha tumbaku ya kiko. Kazi yao ilikuwa moja. Waingie mmoja mmoja, wapitie kwa Minnie, waseme kama kwa bahati: "Umemwona Lauchie Profesa leo?" Tukafanya mazoezi mara sita. John wa Chini hasikii vizuri, nikamfanyisha mara tisa.

Nikajificha nyuma ya magunia ya unga.

Akaingia John wa Mlimani. Akasema vizuri kabisa, kama mwigizaji. Minnie akainua macho. Akaingia John wa Chini, akapaza sauti hadi mikebe ikatetemeka: "UMEMWONA LAUCHIE PROFESA LEO?" Wawili! Nilikuwa nauma ngumi yangu kwa furaha. Akaingia John Tena. Huyu aliitwa hivyo kwa sababu husema kila kitu mara mbili, na hilo nililijua, wala halikunitisha. Akasema, "Umemwona Lauchie Profesa? Profesa?" Halafu badala ya kutoka, mzee akaegemea kaunta na kuongeza: "Ametupa tumbaku tuseme hivyo. Nzuri sana. Nzuri sana."

Duka zima likaangua kicheko. Nami nikapiga chafya, kwa sababu ya unga.

Nilipotoka nyuma ya magunia, mweupe toka kichwa hadi miguu, Rory Kapteni alikuwa amesimama pale akinunua chumvi. Akavua kofia yake yenye nanga, akainama, akasema, "Hujambo, Lauchie Tumbaku." Watu sita wakalirudia palepale.

Sasa nina matatu. Lauchie Sufuria Pengwini Tumbaku. Effie alipita saa tisa na gari la maktaba, lile analozungushia vitabu vijijini. Alinipungia mkono. Alikuwa amebana midomo kama mtu anayezuia kitu, na sikutaka kujua ni kitu gani.

Ijumaa, 9 Agosti

Sikulala vizuri. Nimewaza hivi: ikiwa siwezi kupanda, waliopanda nitawashusha. Bahari ikipwa, ngalawa zote hukaa mchangani.

Nimekwenda kwa shangazi Flora, ana miaka tisini na moja na anakumbuka kila kitu kilichowahi kumpata mtu mwingine. Nilimpelekea chai kali na biskuti za shayiri. Nikafungua daftari.

Nikamuuliza kwanza juu ya Rory. Kapteni wa meli gani? Shangazi akatabasamu na ufizi wote. Meli gani! Mwaka 1952 Rory alipanda kivuko siku ya kwanza ya kazi, akatapika toka saa mbili hadi saa sita, na kivuko chenyewe kilikuwa bado kimefungwa gatini! Wakamshusha kwa machela. Ndipo wakamwita Kapteni. Kofia alijinunulia baadaye, kwenye mnada wa kanisa.

Loo! Miaka ishirini na miwili namwonea wivu mtu aliyetapika nchi kavu! Niliandika kurasa mbili. Nilijisikia mwepesi.

Kisha, kwa udadisi tu, wala sikuwa na nia mbaya, nikamuuliza kuhusu marehemu Neil Askofu. Kila mtu husema aliitwa hivyo kwa sababu ya sauti yake nzuri ya kuimba. Shangazi akashusha kikombe. Akaniambia sauti yake ilikuwa kama bawaba ya mlango. Januari 1926, migodi imesimama, watu hawana kitu, askofu alikuja kutoa kipaimara. Parokia nzima ilichanga kuku mmoja. Mmoja tu! Kuku akawekwa jikoni kwa padri. Askofu alipokaa mezani, kuku hayupo, na Neil hayupo. Mtu aliyekula chakula cha askofu aitwe nani? Askofu.

Nimetembea hadi nyumbani miguu haigusi chini. Mwizi wa kuku! Hiyo ndiyo fahari anayoogopa kuiacha? Sufuria ya babu yangu angalau ilikuwa mali yake mwenyewe.

Kesho nitasema mbele ya watu wote. Effie akishajua majina yetu yapo sawa, hatakuwa na sababu. Ni kwa faida yake. Nimefikiria kila upande na sioni shimo popote.

Jumamosi, 10 Agosti

Nitajaribu kufuata mpangilio.

Karamu ilijaa. Supu ya samaki, mikate, keki za stroberi, fidla mbili. Effie alivaa gauni la kijani. Rory alikaa mkono wake wa kulia, mimi wa kushoto, na bakuli la siagi katikati yetu kama refa.

Baada ya chai Minnie akapanda jukwaani na orodha. Desturi ni kusoma jina moja moja, na mwenye pingamizi anyanyuke. Alipofika kwangu alivuta pumzi. "Lauchie MacQuarrie, nyumba ya buluu, simu ishirini na tatu. Lakabu..." Akashusha miwani. Ukumbi ukapasuka. Upande wa dirishani Sufuria! Wa jikoni Pengwini! Wazee wa benchi Tumbaku, John Tena mara mbili! Watu walipiga meza. Nilimtazama Effie, naye alikuwa anafuta machozi ya kucheka, na mimi nikaona mambo yamekwisha, nimempoteza.

Nikasimama. Nikasema nina neno. Nikasema kwa nini nichekwe mimi peke yangu? Nikawaambia Rory Kapteni alitapika gatini. Watu wakasema hilo tunalijua, hata Rory akainua kikombe. Hilo likanikera zaidi. Basi nikasema, "Na Neil Askofu hakuwa na sauti yoyote! Aliiba kuku wa askofu!"

Fidla zikanyamaza. Nikalisikia birika la jikoni likichemka. Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na ardhi ikagoma.

Effie akasimama. Aliniangalia mimi, si watu. Alisema, polepole, kwamba ni kweli. Alisema Januari ile mama yake alikuwa na mimba yake, na walikuwa wamekula viazi vilivyooza wiki tatu, na mkunga alikuwa keshamwambia baba yake asitegemee mtoto. Baba yake alimbeba yule kuku ndani ya koti, maili nne kwenye theluji, na hakuonja hata paja. Mama alikula wote. "Baba alinihadithia kila siku yangu ya kuzaliwa," akasema. "Yule kuku ndiye mimi. Ile ya sauti waliitunga majirani ili kumsitiri, na wengi wao wamo humu ndani, Mungu awabariki. Sasa niambie, Lauchie, niliache jina hilo kwa ajili ya nani?"

Kwa kweli nililia. Nilisema nisamehe, Effie, mimi ni mjinga, na sikupanga kusema hivyo, lilitoka lenyewe.

Akasema, "Nilikuambia siwezi kuliacha la baba. Lini nilikuambia ulitupe la babu yako?"

Kisha akamgeukia Minnie. "Andika Lauchie wa Effie Askofu. Namba ya simu ifute, atahamia kwangu."

Kelele iliyozuka! Haijawahi kutokea hapa Ghuba mwanamume kuchukua lakabu ya mwanamke. Haijawahi! Rory alicheka hadi kofia ikadondoka kwenye siagi. Minnie akauliza kwa sauti ya kiserikali kama kuna mashahidi watatu. Ukumbi mzima ukasema kwa pamoja, Lauchie wa Effie Askofu, na John Tena akasema tena.

Tumecheza hadi viatu vikaniuma. Harusi ni tarehe 21 Septemba. Ameniapisha kitu kimoja tu: hakuna mpango wowote wa majina hadi siku hiyo. Nimeapa, mkono juu ya misale ya padri.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu na nimeona wazi kwamba mpango wangu ulifaulu. Nilitaka kuondoa Sufuria kwenye orodha: limeondoka. Nilitaka Effie: nimempata. Ni watu wachache wanaoweza kuendesha mambo kwa ustadi huo katika siku tano.

Hata hivyo, "Lauchie wa Effie Askofu". Leo dukani nimeitwa hivyo mara kumi na mbili. Si baya. Lakini mwanamume anayeitwa kwa jina la mke anahitaji kitu kidogo cha kumsimamisha. Na mbele ya nyumba ya Effie, baharini, kuna lile jiwe kubwa wanapolala sili wakitoka majini. Nimechungulia ramani kwa kioo cha kukuzia. Kila kitu kwenye ghuba hili kimeandikwa MacQuarrie, ila jiwe hilo. Halina jina! Miaka mia moja na hamsini halina jina, na hakuna aliyejiuliza!

Kiapo nakikumbuka vizuri. Kiapo kilihusu majina ya watu. Jiwe si mtu. Isitoshe huu si mpango, ni barua tu.

Nimewaandikia serikali kule Ottawa kuwaarifu kwamba wenyeji tangu zamani huliita Mwamba wa Profesa Lauchie. Nimetia sahihi tatu, za wenyeji watatu. Nimetumia kalamu tatu tofauti. Nimeipeleka posta saa nne.

Minnie amesoma anwani ya mbele. Ameigeuza, ameishika juu ya mwanga wa dirisha. Kisha ameuliza kama Effie yuko nyumbani asubuhi hii, akavuta simu karibu.

Nilipofika nusu ya kilima nimesikia simu ya Effie inalia, na imelia kwa muda mfupi sana. Sasa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, anatazama huku dirishani kwangu. Bila shaka ananisubiri kwa chai.